Pengo la Babu Bati

Fundi hakuwa na mkasi wa kukatia uzi, kwa sababu meno yake yalifanya kazi hiyo kwa miaka thelathini na sita. Hakuwa na meno ya mbele ya juu, kwa sababu hiyo hiyo. Hakuwa na kiti kisichoyumba, hakuwa na kioo kisichowanenepesha wateja, hakuwa na neno la mwisho nyumbani kwake, na hakuwa na aibu juu ya lolote kati ya hayo.

Alichobakiza pale mbele ni jino moja tu, lililoegemea kushoto kama mlevi aliyesahauliwa mlangoni. Kila alipotamka herufi s, upepo ulipita kando ya jino hilo ukatoa mluzi. Haukuwa mluzi wa kuita mbuzi. Ulikuwa mwembamba, mtamu kidogo, kama birika linalokaribia kuchemka. Akisema "suruali", wateja walitabasamu. Akisema "suruali yako itakuwa safi Jumamosi saa saba", mbwa wa muuza nyama wa jirani alisimama. Kuna wateja waliochagua Jumamosi makusudi.

Siku moja aliingia dukani binti mwenye miwani mikubwa, anatembea amejiziba kwa mkoba kwa mbele, kwani zipu ya suruali yake ilikuwa imekwama wazi tangu stendi.

"Sasa, mwanangu," Fundi akasema akiinama kukagua, "hii zipu sijui imesukumwa na shetani gani. Simama sawasawa."

Binti hakusimama sawasawa. Alifumba macho.

"Rudia, mzee."

"Nirudie nini?"

"Ulichosema. Chote. Tafadhali."

Fundi akaweka futi ya kupimia mezani. "Mwanangu, umekuja kutengenezewa zipu au kunicheka? Kama ni kunicheka, kuna foleni."

Binti akaomba radhi, akaeleza, huku mkoba ukiwa bado mbele. Yeye ni mwongozaji wa filamu. Anatengeneza filamu ya katuni, mambo ya sayansi na anga za juu, na ndani yake kuna roboti mkongwe aitwaye Babu Bati. Kwa miaka mia tisa roboti huyo amekuwa akifagia vumbi kati ya nyota, na sasa amechakaa, anavuja upepo kila akisema, naye amerudi duniani kumtafuta mhandisi aliyemuunda. Waigizaji sita walijaribu sauti hiyo. Wa mwisho alipiga mluzi wa kuita mbuzi mpaka mlinzi wa jengo akaja kuuliza nani anamwita.

"Kwa hiyo unanitaka mimi," Fundi akasema polepole, "kwa sababu ya pengo."

"Nakutaka kwa sababu ya sauti, mzee."

"Sauti inatoka pengoni."

"Basi nalitaka na pengo."

Fundi alitengeneza zipu ile bure. Uzi aliukata kwa jino.

*

Mkewe aliitwa Mwenyekiti na mtaa mzima. Aliongoza chama cha akina mama cha kuchangiana, na hata nyumbani hakujua kuzungumza na mtu bila kufungua kikao. Jioni hiyo alikifungua juu ya vikombe vya chai.

"Ajenda ni moja. Mtu mzima, mwenye mjukuu, anakwenda kuwa katuni."

"Roboti," akasahihisha mjukuu, msichana wa miaka saba aliyeitwa Redio kwa sababu habari hazikulala ndani yake. "Babu ni roboti wa anga za juu. Nimeshawaambia darasa zima."

"Umewaambia saa ngapi na habari yenyewe tumeipata sasa hivi?"

"Niliwaambia kupitia dirishani. Walikuwa wanapita."

Mama yake Fundi, ambaye wote walimwita Bi Mkubwa, alikuwa amelishika tangazo la filamu, alilokuja nalo Fundi, mbali na uso, kama mtu anayeshika panya. "Soma hapa," akamwamuru Redio.

"Filamu kwa watu wa rika zote. Miaka mitatu hadi tisini na tisa."

"Basi mimi nimefukuzwa," akasema Bi Mkubwa. Hakuwa na cheti cha kuzaliwa, na miaka miwili iliyopita alikuwa ameamua kwamba ana mia na moja, akabaki hapo hapo. "Mtu anazaa roboti, halafu anazuiwa mlangoni."

Mwenyekiti alimtazama mumewe. "Na hili pengo lako litaonekana kwenye filamu?"

"Halionekani. Ni sauti tu."

"Hata sauti inaonekana, baba," akasema Mwenyekiti, na kikao kikafungwa bila azimio.

*

Kazi ilifanyika katika chumba kilichozibwa kuta zote kwa magodoro makuukuu, ili kelele za barabarani zisiingie. Fundi alisimama mbele ya kipaza sauti, mbele ya godoro lenye doa ambalo hakutaka kujua historia yake, akamsemea Babu Bati kwa siku tatu. Alisema "Sikiliza, sayari hii si safi", akasema "Sina silaha, nina ufagio". Kwenye skrini ndogo roboti wa rangi ya kutu alifungua kinywa, na mluzi ukatoka. Fundi, aliyekuwa ametazama mgongo wa watu maisha yake yote akiwapima mabega, aliona kwa mara ya kwanza kitu kikimtazama yeye na kusema maneno yake. Hakumwambia mtu kwamba siku hiyo alirudi nyumbani kwa miguu ili safari iwe ndefu.

Ikabaki sehemu moja, ya mwisho kabisa. Dhoruba ya vumbi imeifunika sayari, watoto wamepotea, taa ya Babu Bati imezimika. Hana kitu cha kuwaonyesha njia isipokuwa ule uvujaji wake. Watoto wanafuata mluzi, naye anawaambia: "Sogeeni. Msiogope. Sauti hii siyo hitilafu. Sauti hii ndiyo mimi."

"Hiyo tutairekodi baada ya wiki mbili," mwongozaji akasema. "Wachoraji hawajamaliza vumbi."

Wiki mbili zikatosha kuharibu kila kitu.

*

Ilianzia shuleni. Mwalimu wa Redio alimwalika Fundi kwenye mkutano wa wazazi aeleze kuhusu filamu. Fundi akavaa koti, akasimama, akafungua kwa heshima: "Asanteni sana, wazazi na wanafunzi." Sauti moja ya kiume nyuma ikauliza, "Nani amefungua mtungi wa gesi?" Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Fundi naye akacheka, maana utani ulikuwa mzuri. Mwalimu akacheka huku akijifuta macho.

Mwenyekiti hakucheka. Alikaa wima kwenye kiti kidogo cha darasa la kwanza, magoti yakiwa karibu na kidevu, akihesabu nani na nani wanacheka. Wanachama wake watatu walikuwemo.

Kesho yake aliitisha chama. Wanawake kumi na wawili walichanga. Keshokutwa yake alimpeleka mumewe kwa fundi meno.

Fundi alikwenda kwa hiari, na hapo ndipo kosa lake lilipo. Aliona furaha ya mkewe njia nzima, akapiga hesabu zake kimya: meno ya bandia huvuliwa. Atayavaa nyumbani, atayavua mbele ya kipaza sauti, kama kofia. Kila mtu atapata chake.

Fundi meno alikuwa kijana mwenye meno mazuri kupita kiasi. Aliingiza kidole, akalitikisa lile jino la mwisho, akamgeukia Mwenyekiti kana kwamba Fundi ni mtoto au mbuzi.

"Mama, bamba la meno litakaa vizuri jino hili likitoka. Linacheza."

"Ng'oa," akasema Mwenyekiti. "Linakaa kama mgeni asiyejua kuaga."

Fundi alikuwa ameshadungwa ganzi. Aliinua mkono kupinga, fundi meno akamkabidhi bakuli la kutemea.

*

Mwongozaji alimsikiliza kwa vipokea sauti masikioni, akavivua, akavivaa tena.

"Rudia, mzee."

"Sogeeni. Msiogope," akasema Fundi, safi, kavu, sauti ya hakimu anayesoma hukumu.

"Vua meno."

Akavua. "Fogeeni. Mfiogope." Upepo mtupu, wa tairi. Mtaalamu wa sauti akajifanya anatafuta waya chini ya meza ili asionekane usoni.

"Mzee, mluzi uko wapi?"

"Umebaki kwenye bakuli," akasema Fundi, akaeleza.

Mwongozaji alikaa juu ya godoro moja lililoanguka. Hakugomba, na hilo lilikuwa baya zaidi. Filamu inakabidhiwa Jumatatu, akasema. Babu Bati hawezi kuwa na sauti moja katika filamu nzima na nyingine mwishoni, tena pale ambapo mluzi ndio unaookoa watoto. Kama hadi Jumamosi hakuna mluzi, itabidi sauti yote ya Babu Bati ifutwe, irekodiwe upya na mtu mwingine.

"Yule wa kuita mbuzi?"

"Huyo huyo."

Fundi akavaa meno yake. "Watoto watamfuata huyo?" akauliza, kwa sauti ya hakimu.

*

Alifika nyumbani akakuta viatu vya wanawake vimejaa mlangoni. Chama kilikuwa kimekuja kukagua mradi.

"Huyu hapa," akasema Mwenyekiti, anang'aa. "Kaa, baba. Cheka."

Fundi akacheka bila kuambiwa kichekesho. Wanawake kumi na wawili wakasogea.

"Meno sita, sisi kumi na wawili," akasema mshona mikeka. "Nusu jino kila mmoja."

"Mimi nilichanga mara mbili, hilo la kulia ni langu lote."

"Fungua zaidi, shemeji. Usitubanie."

"Sasa umekuwa kama meneja wa benki!"

Fundi akafungua zaidi. Akageuza kichwa kushoto, akageuza kulia, kama farasi sokoni. Alitazama uso wa mkewe na hakuweza kusema. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu amwone akikaa mkao ule, mabega yameshuka, kama mtu aliyemaliza kulipa deni.

Redio alikuwa mlangoni na begi la shule mgongoni.

"Babu, sema sisimizi."

"Kunywa chai, mjukuu wangu."

"Sema."

Chumba kikangoja. "Sisimizi," akasema Fundi.

Neno lilitoka limenyooka, limepigwa pasi. Redio alisubiri kidogo, kama anayesubiri radi baada ya mwanga. Kisha begi likaanguka.

"Babu Bati amekufa!" akapiga kelele. "Mmemtoa upepo! Watoto watapotea kwenye vumbi! Nitawaambia nini darasani?"

Vikombe vilirudi mezani kimoja kimoja. "Maana yake nini?" akauliza Mwenyekiti. Hakuwa mjinga. Macho yake yalitoka kwa mtoto yakaenda kwenye kinywa cha mumewe, akaelewa. Wanachama waliaga kwa wepesi usio wa kawaida. Mshona mikeka alikunywa chai yake akiwa amesimama nusu, maana chai haina kosa.

"Kwa hiyo," akasema Bi Mkubwa kutoka kwenye kona yake, "tumechanga tukamuua roboti."

"Mama," akasema Fundi.

"Nimeuliza tu. Mimi nina miaka mia na moja, hainihusu."

*

Mwenyekiti alimfuata mumewe dukani, akakaa kwenye kiti kinachoyumba.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi."

"Basi ungenikatiza! Mimi kukatizwa nimezoea, naendesha chama." Akaokota kipande cha uzi sakafuni, akakizungusha kidoleni mpaka kidole kikawa chekundu. "Walikucheka, baba. Ukumbi mzima."

"Walifurahi."

"Mimi sikufurahi. Nimelala pembeni ya mluzi huo miaka thelathini na mbili. Ukikoroma kwa usingizi unapiga wimbo. Nimeucheka, ndiyo, nimeucheka sana. Lakini hiyo ni ruhusa yangu. Yule wa mtungi wa gesi alipewa na nani?"

Fundi alivua meno, akayaweka juu ya meza ya cherehani, yakawa yanawacheka wote wawili.

"Kazi hiyo unaitaka kweli?" akauliza Mwenyekiti. "Au ni mambo ya Redio?"

"Naitaka," akasema. Bila meno maneno yalikuja yamelowa, lakini yalikuja. "Miaka yote nimefanya kazi ambayo ikifanyika vizuri haionekani. Mtu akiona mshono, nimekosea. Pale nilisikika."

Mwenyekiti akaufungua ule uzi kidoleni.

"Kesho tunarudi kwa fundi meno," akasema. "Azimio limepita."

*

Fundi meno alikataa katakata. "Mama, mimi nimejenga ukuta, wewe unataka dirisha? Watu wakiona kazi hiyo watasema ni ya nani?" Akawarudishia meno ndani ya karatasi, kwa huzuni ya msanii.

Basi wakakaa kwenye meza ya kushonea, saa nne asubuhi, jua likipiga mlangoni. Fundi alitoa tupa nyembamba ya mviringo, ile aliyotumia kulainisha vyuma vya cherehani vikikwaruza uzi. Akalishika bamba. Akaweka tupa kati ya jino la pili na la tatu. Akabaki hivyo.

"Siwezi," akasema. "Hii ni zawadi."

"Lete hapa."

"Utaharibu."

"Nimeinunua mimi, nitaiharibu mimi." Mwenyekiti akalibana bamba kwa koleo lililovishwa kitambaa, akaanza kupiga tupa. Vumbi jeupe lilidondoka juu ya suti nyeusi ya bwana harusi mmoja iliyokuwa ikingoja vifungo. Hakuna aliyejali.

Redio aliruhusiwa kukosa shule kwa kuwa ndiye aliyejua sauti vizuri kuliko wote. Alikaa juu ya vitambaa, macho amefumba, kama mtahini.

"Vaa. Sema."

"Sisimizi."

"Hapana. Huyo ni nyoka."

Mwenyekiti akaongeza. Fundi akavaa.

"Sisimizi."

"Huyo ni basi linafunga breki."

"Shimo limekuwa kubwa?" Mwenyekiti akauliza.

"Halina pembe," akasema Bi Mkubwa, ambaye alikuwa amejikokota mpaka mlangoni na kigoda chake. "Jino lake liliegemea kushoto. Nilimzaa mimi, namjua. Laza tupa."

Mwenyekiti akailaza tupa. Akapiga mara tatu tu, taratibu, akapuliza vumbi, akalisuuza bamba kwenye kikombe, akamvisha mumewe mwenyewe, kwa kidole gumba, kama anavyomfunga Redio vifungo.

"Sema."

"Suruali safi," akasema Fundi, "Jumamosi saa saba."

Mluzi ulitoka. Ulikuwa mzito kidogo kuliko ule wa zamani, kana kwamba birika lilikuwa limekua. Redio hakufumbua macho. Hakuwa na haja. Ng'ambo ya barabara mbwa wa muuza nyama alisimama.

*

Jumamosi walikwenda wote wanne. Bi Mkubwa alikalishwa juu ya godoro lenye doa, akalisifu kwa ulaini. Mwongozaji alisikiliza neno la kwanza tu, akaziba mdomo kwa mikono miwili. Umeshuka kidogo, akasema mtaalamu wa sauti. Ni vumbi, akasema mwongozaji. Yuko kwenye dhoruba ya vumbi, lazima ushuke!

Taa nyekundu ikawaka. Kwenye skrini kila kitu kilikuwa kahawia, na roboti wa kutu amesimama katikati, hana taa.

"Sogeeni," akasema Fundi. "Msiogope. Sauti hii siyo hitilafu. Sauti hii ndiyo mimi."

Ndani ya ukimya uliofuata kulisikika kitu kama mtu anayepenga kamasi kwenye khanga.

"Simamisha," akasema mtaalamu wa sauti. "Nani amelia?"

"Hakuna aliyelia," akasema Mwenyekiti. "Ni vumbi. Rudieni."

Wakarudia.

*

Wiki iliyofuata posta ilileta fomu. Kulikuwa na mstari mmoja wa kujaza: andika jina kama unavyotaka lionekane mwishoni mwa filamu. Fundi alikaa nayo siku mbili, kisha akaona mstari hautoshi, akaandika barua kamili kwa mwandiko alioujifunza ukubwani na ambao hakuwahi kuupatia kazi nzuri zaidi.

"Kwa Mwongozaji. Salamu nyingi. Sauti ya Babu Bati, weka jina langu kama lilivyo kwenye fomu. Lakini katika filamu Babu Bati anamtafuta mhandisi aliyemuunda, na mimi nimeitazama mara nyingi kwenye ile skrini ndogo na naona hamkumpata. Sisi tumempata. Naomba chini ya jina langu iandikwe: Mhandisi wa Babu Bati, mke wangu, na jina lake nimeliandika nyuma ya karatasi hii kwa herufi kubwa ili msikosee. Chama chake kina watu kumi na wawili, nao watakuja kuhakikisha. Mwisho, mama yangu anasema mkiondoa hiyo tisini na tisa kwenye tangazo atakuja kutazama, na msipoondoa atakuja pia."

Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka. Fundi aliilamba mara mbili, haikushika. Akaiweka chini ya mguu wa cherehani, akakanyaga pedali, akaishona ukingoni kwa mshono ulionyooka, uzi wa bluu. Alipofika mwisho aliinamisha kichwa kama kawaida, uzi ukaingia kati ya meno mapya.

"Wewe!" ikaja sauti ya Mwenyekiti kutoka uani.

Fundi akauachia uzi. Kwenye msumari ukutani ulining'inia mkasi mdogo, mpya, zawadi ya pili ndani ya mwezi mmoja. Akaukata uzi kwa mkasi, akabandika stempu, akamkabidhi Redio bahasha, wakaenda naye mpaka kwenye sanduku la posta. Redio alihitaji kubebwa ili afikie mdomo wa sanduku.

"Sukuma sana," akasema Fundi, na mtu aliyekuwa anapita akageuka.

Redio akasukuma.